Nina siku moja tu Dumaguete na marafiki wenyeji: niwaachie waniongoze au niwape ratiba?

BintiPwani

Assalaam aleykum, na kwa wengine habari za wakati huu. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kufika Dumaguete, makao makuu ya mkoa wa Negros Oriental nchini Ufilipino, na hasa aliyepokewa na wenyeji badala ya kupanga hotelini na kukodi gari.

Kwa miaka minne niliishi Doha chumba kimoja na dada wawili wa mji huo, ambao mikataba yao ilikwisha wakarudi kwao, na sasa wananisubiri kwa hamu. Nitatua Jumanne usiku, na Alhamisi asubuhi nitapanda boti kwenda kisiwa cha Siquijor, kwa hiyo nina Jumatano peke yake. Kila ninapowauliza tutafanya nini siku hiyo, jibu lao ni lile lile: "Tutazunguka tu." Mimi ni mtu wa ratiba, na neno hilo linanikosesha usingizi, hasa kwa kuwa karibu maelezo yote niliyosoma yanahusu namna ya kutoka Dumaguete kwenda kuzamia, kwenda kwenye maporomoko ya maji au kwenda visiwani, kana kwamba mji wenyewe ni kituo cha kubadilishia gari.

Basi naomba kujua kama mji unaweza kuijaza siku nzima, ama niwaombe wanipeleke kisiwa cha Apo nikaone kasa. Nilikuwa pia nimepanga jioni tukae Rizal Boulevard, barabara ya kando ya bahari, tutazame jua likizama baharini. Mimi sili nguruwe, na sitaki kuwa mgeni msumbufu mezani. Zaidi ya yote, nawajua wenzangu: kwa sasa hawana kazi za mshahara mkubwa, lakini hawatakubali nitoe hata peso moja. Nifanye nini ili nisiwaelemee wala nisiwavunjie heshima?

Nahodha wa Nchi Kavu

Wa aleykum salaam, dada. Nianze kwa kukuondolea jambo moja kwenye ratiba yako: pale Rizal Boulevard hutaliona jua likizama baharini hata ungekaa mwaka mzima, kwa sababu barabara ile inatazama mashariki. Jua huzama mgongoni mwako, upande wa mlima Talinis, na baharini ndiko linakochomoza. Wageni wengi hufika jioni na kamera zao, wakabaki wanaulizana. Waombe wenzako wakuamshe ili saa kumi na moja na nusu alfajiri muwe mmeshakaa ukutani, wakati wazee wanapita kwa matembezi yao na wavuvi wanarudi. Kukiwa hakuna mawingu utaiona Siquijor upande wa kusini mashariki, na upande mwingine ncha ya kisiwa cha Cebu, karibu kuliko ulivyodhani. Barabara yenyewe haifiki kilometa moja, na baadhi ya nyumba kuukuu zinazoipakana zilijengwa na matajiri wa miwa, maana utajiri wa kisiwa hiki cha Negros kwa muda mrefu ulikuwa sukari.

Kutoka hapo nendeni moja kwa moja soko kuu, mahali wanapopaita painitan, ambako watu hukaa kwenye mabenchi marefu, bega kwa bega, wakinywa vitu vya moto. Mimi nilipelekwa na rafiki yangu tuliyesoma pamoja, na nakiri kwamba katika siku ile yote hakuna nilichokikumbuka zaidi ya benchi lile. Ukiketi utawekewa puto maya, yaani mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, ukatiwa tui la nazi, chumvi na tangawizi, na pembeni kipande cha embe bivu msimu wake ukiwapo. Kisha inakuja sikwate. Mama aliyekuwa akitupikia alichukua vidonge vya kakao iliyokaangwa na kusagwa, akavitumbukiza kwenye maji yanayochemka, akashika kijiti chenye kichwa cha mti kilichochongwa meno na kukizungusha baina ya viganja viwili, sawasawa na tunavyopekecha mchicha kwa upekecho, mpaka povu likapanda. Kinywaji kile ni kizito na kichungu kidogo. Nilianza kukinywa kama chai, rafiki yangu akacheka, akakimimina chake chote juu ya wali, akanipa kijiko. Tangu hapo sijala tena kwa namna nyingine.

Mkishashiba pandeni pedicab. Usitafute pedali, kwani hakuna. Ni pikipiki iliyofungiwa kibanda cha abiria, na haina njia maalumu. Unamwambia dereva uendako, na kama hakukubaliani na waliokwisha panda, anatikisa kichwa na kwenda zake bila neno. Mara tatu za kwanza nilidhani nimekataliwa mimi. Wenzako watakuelekeza, lakini jaribu wewe mwenyewe mara moja angalau.

Waambie wakupeleke Chuo Kikuu cha Silliman asubuhi ile ile kabla jua halijawa kali. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 28 Agosti 1901 na wamisionari wa Kipresibiteri, David Hibbard na mkewe Laura, ikiwa na wavulana 15, kwa dola 10,000 zilizotolewa na mzee mmoja wa New York aliyeitwa Horace Silliman. Huyo Hibbard alikuwa ametumwa kukagua miji mingine, na inasimuliwa kwamba Dumaguete ilikuwa mchepuko tu wa njiani, akapapenda, akabaki. Jengo la mwanzo lingali limesimama upande wa baharini, na siku hizi ni makumbusho ya mila na vitu vya kale. Lakini mimi nakwambia uende kwa ajili ya miti. Ni miti mikubwa ambayo wenyewe huiita akasia, matawi yake yameshikana juu ya njia kama dari, na chini yake wanafunzi wamekaa wakisoma au wakijifanya wanasoma. Mji huu huitwa mji wa watu wapole, na ukitembea pale utajua jina hilo halikutungwa na idara ya utalii, ingawa idara hiyo nayo imelitumia vya kutosha.

Mchana, kuanzia saa sita hadi saa tisa, msifanye lolote. Hapa ndipo watu wa ratiba kama sisi tunapoharibu. Joto ni kali, wenyeji hupumzika, na kama utakuwa nyumbani kwao, huo ndio wakati mtakaoongea mambo ya Doha ambayo mbele za watu hamtayasema. Baadaye hulka ya nchi nzima ni kula kitafunwa cha alasiri, merienda, na hapo ndipo mtakula silvanas: vibiskuti vya mayai na korosho, vilivyojazwa krimu ya siagi na kuviringishwa kwenye chembechembe za keki. Vinaliwa vikiwa baridi sana. Vikipata joto vinalegea na kuwachafua vidole.

Alasiri piteni kwenye mnara wa kengele ulio jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Katarina. Ni wa enzi za Wahispania, wa mawe yaliyoota kuvu, na chini yake watu huwasha mishumaa wakiomba. Kengele zilikuwa pia za kutoa hadhari, kwa kuwa majahazi ya watekaji yalikuwa yakija kutoka kusini kuchukua watu. Jina la mji linasemekana kutokana na neno lao dagit, yaani kunyakua kwa ghafla, kama mwewe anavyomnyakua kifaranga. Nilipoelezwa hivyo nikiwa nimesimama pale, na bahari iko mitaa miwili tu mbele yangu, niliielewa sababu ya kuujenga mnara ule kabla hawajafikiria mambo mengine.

Nimalizie na huyu Rizal aliyepewa barabara. José Rizal, shujaa wao, alikuwa mwandishi na daktari wa macho. Meli iliyomtoa uhamishoni Dapitan ilitia nanga Dumaguete tarehe 1 Agosti 1896. Alishuka, akamtembelea rafiki yake aliyekuwa hakimu wa mkoa, akamtibu jicho kapteni mmoja wa askari wa Kihispania, kisha akaendelea na safari. Tarehe 30 Desemba mwaka huo huo akapigwa risasi Manila. Kwa hiyo dada, siku moja ya kumzuru rafiki Dumaguete si jambo dogo; ana wenzake wakubwa.

Kasa Mzee

Nimesoma maelezo ya ndugu yangu Nahodha kwa furaha, ila naona ameipita Jumatano kama si kitu. Jumatano ndiyo siku ya gulio la Malatapay, katika wilaya ya Zamboanguita, ufukweni kusini mwa Dumaguete, ambako wakulima wanashuka na ng'ombe, mbuzi na nguruwe wao, wavuvi wanapandisha samaki, na unayemnunua unaweza kumchomesha hapo hapo ukamla kwa mikono chini ya mnazi. Siku nyingine gulio hilo hulikuti. Tena ni hapo hapo Malatapay boti za kwenda Apo zinapoondokea, kwa hiyo utapata mambo mawili kwa nauli moja.

Kuhusu Apo, si habari ya kasa peke yake. Kisiwa chenyewe ni kama hekta 74 tu, lakini wavuvi wake, wakishauriana na mwanabiolojia Angel Alcala wa Silliman, walikubali kuacha sehemu ya miamba yao bila kuvuliwa, na hifadhi hiyo ikawa rasmi mwaka 1985. Samaki wakaongezeka hata nje ya mpaka. Watu wanatoka mbali kuja kujifunza hapo, nawe utakuwa umefika jirani, kisha urudi eti umekula wali na kutazama miti!

Nahodha wa Nchi Kavu

Kasa Mzee, kuhusu gulio umenishinda, nilisahau kabisa kwamba ni Jumatano. Kuhusu Apo sikubaliani nawe hata kidogo kwa mtu mwenye siku moja. Mimi nilikwenda wakati wa amihan, ambao ndio kaskazi yao, upepo ukivuma kutoka kaskazini mashariki, na bahari ilichafuka tukiwa kisiwani. Nahodha wa boti alikataa kuondoka hadi alasiri, na alikuwa na haki. Nikarudi mjini usiku, nimelowa chapachapa, na mama wa rafiki yangu alikuwa amepika tangu mchana. Chakula kilikuwa kimefunikwa mezani, hakuna aliyekuwa amekigusa. Kasa nimewasahau sura zao. Meza ile sijaisahau.

Mama wa Visayas

Salaam kwenu nyote. Mimi nimeolewa Negros na nimekaa huku mwaka wa saba sasa, kwa hiyo mambo ya kutembelea nawaachia ninyi; nataka kumjibu binti maswali mawili ambayo mmeyaruka, la chakula na la fedha, na kumwongezea la lugha.

Binti yangu, kama umejifunza Kitagalog, vizuri, lakini Dumaguete wanasema Kibisaya, na ile "po" ya adabu unayosikia Manila huku haitumiki sana. Asubuhi sema "Maayong buntag." Ukimwita mwanamume aliyekuzidi umri mwite "Nong", na mwanamke "Nang", wala usimtaje mtu mzima kwa jina tupu. Ukiingia nyumbani, vua viatu ukiona vya wenzako viko mlangoni, na umtafute mkubwa wa nyumba kwanza. Nyoosha mkono na kusema "Amin", naye atakupa wake; uinamie, uguse paji la uso wako kwa mgongo wa kiganja chake. Ni shikamoo yao hiyo, na mgeni anayeitoa bila kuambiwa huwa ameshapata nusu ya mapenzi ya nyumba. Shukrani yao ni "Salamat", ambayo ina asili moja na salama yetu, kwa kuwa neno hilo la Kiarabu lilifika huku kupitia kwa Wamalay, kwa hiyo hutaisahau.

Kuhusu nguruwe, wenzako wameishi nawe miaka minne, hawatakutega. Tatizo litakuwa kwa shangazi na majirani, kwani huku nyama hiyo huingia hata kwenye mboga bila mtu kuihesabu kuwa nyama. Uliza wazi na kwa tabasamu: "Naa bay baboy?" Maana yake ni kama kuna nguruwe ndani. Hakuna atakayeudhika. Omba samaki wa kuchomwa, ambaye ni sinugba, au kinilaw, samaki mbichi aliyeivishwa kwa siki tu. Kumbuka kwamba siki ya huku mara nyingi hutokana na tembo la mnazi lililochacha, kwa hiyo uamuzi huo ni wako. Popote utakapowakuta watu wakila utakaribishwa, hata na usiyemjua, na huhitaji kula kila mara. Sema "Busog pa ko, salamat", yaani bado nimeshiba, na utakuwa umejibu kistaarabu.

Sasa fedha. Usitoe pochi mbele ya mama yao. Hiyo ni aibu. Huku anayealika ndiye anayelipa, na kulipiwa huko huitwa libre. Wewe nawe waalike: tangu asubuhi tangaza kwamba merienda ni libre yako, useme sababu yoyote, hata kwamba ni sherehe ya kukumbuka siku mliyokutana. Ukishatangaza mapema, hawana pa kukatalia. Nauli za pedicab ni ndogo, shindana nao kwa mzaha, washinde mara moja na wakushinde mara mbili. La mwisho, usifike mikono mitupu. Zawadi ya safari huitwa pasalubong, na hapimwi mtu kwa bei yake bali kwa kukumbuka kila aliyemo nyumbani. Leta majani ya chai, leta kanga ya mama, leta kitu cha watoto. Nawe wakati wa kuondoka utafungashiwa, usikatae.

BintiPwani

Nimerudi, na naona ni haki niwape majibu, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Ratiba niliiandika, nikaiweka kwenye simu, na haikufunguliwa. Alfajiri tulikuwa ukutani Rizal Boulevard, na jua lilichomoza upande ule ule aliosema Nahodha, jekundu, nyuma ya utando mwembamba wa mawingu. Niliwaambia wenzangu kwamba nilikuja nikitaka kuliona likizama hapo. Walicheka mpaka bwana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi akasimama kuuliza kulikoni, nao wakamweleza kwa Kibisaya, akacheka yeye pia, akanishika bega kwa huruma.

Painitan tulikaa saa mbili nzima. Nilimimina sikwate juu ya wali kwa kujiamini, kama niliyezaliwa pale, na mwenye benchi akaniongezea embe bila kuulizwa. Tulipokuwa hapo nilitaja gulio la Malatapay. Mmoja wa wenzangu akampigia mama yake simu kumuuliza, na mama akajibu kwamba anayetaka kuliona gulio likiwa limechangamka hutoka nyumbani asubuhi mapema, hakai sokoni akinywa kakao saa hizi. Ikaishia hapo. Kasa Mzee, unisamehe, nitarudi.

Silliman tulikaa chini ya miti ile, na ndipo nilipogundua jambo ambalo kwa miaka minne sikulijua: mmoja wao alikuwa amesoma pale mwaka mmoja na nusu, akaacha ili aende Doha kuwasomesha wadogo zake. Alinionyesha benchi alilokuwa akilikalia. Hakusema mengi, nami sikuuliza mengi. Tulizunguka, kama walivyoahidi, polepole, na nadhani walikuwa wamepanga kunileta hapo tangu mwanzo ila hawakujua namna ya kuliandika kwenye ujumbe.

Nilipotoa "Amin" kwa mama yao, alinishika mkono akakataa kuuachia, akanivuta hadi jikoni kunionyesha sufuria moja baada ya nyingine, akizigonga kwa mwiko na kusema "walay baboy, walay baboy", yaani hakuna nguruwe, mpaka akazimaliza zote. Kanga alijifunga kichwani hapo hapo, na alilala nayo mchana.

Merienda niliitangaza tangu kifungua kinywa, na Mama wa Visayas, ulisema kweli: walinung'unika, wakakubali. Lakini walilipiza. Alhamisi asubuhi bandarini waliniletea boksi la silvanas nikale Siquijor, limefungwa kwa magazeti na pakiti ya barafu ambayo ilikuwa imeshayeyuka njiani. Boti ilichelewa. Tukakaa juu ya begi langu sisi watatu, tukazila zote kwa vidole kabla haijang'oa nanga.